Chanjo ya bure, kuhara kwa makuta: nani alichagua magonjwa ya Lubumbashi?



Kuna swali moja la afya linalorudi hewani kila tunapofungua laini. Linatoka Kisanga, linatoka Ruashi na Katuba, na mara nyingi anayeuliza ni mama aliyefika mjini akikimbia vita, ambaye bado anajifunza namna mji huu unavyofanya kazi. Mara ya mwisho lilitoka hapa Karavia: juu ya nini sindano ya surua iko ya bule, lakini mutoto akishikwa na kuhara wananiomba makuta?

Nilimjibu mama huyo haraka, nikasema ni mambo ya miradi, kisha tukapiga muziki. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Nimesoma, nimekaa na wazee waliofanya kazi Gécamines, nimeongea na wauguzi, na nimeona kwamba jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Leo nalitoa polepole, kwa maandishi.

Kwa ufupi ni hivi: katika mji wetu kila ugonjwa una baba yake, yaani mtu anayeulipia. Surua ina baba. Ukimwi na kifua kikuu vina baba. Malaria ina baba wa kambo: kipimo na dawa mara nyingi vinatoka kwa mfadhili, lakini fishi na mambo mengine unalipa. Kuhara kwa kawaida ni yatima. Ila kuhara huko huko kukipimwa na kuitwa kolera, na serikali ikatangaza mlipuko, siku hiyo mahema yanasimamishwa na matibabu yanakuwa ya bure. Mtoto ni yule yule na maji aliyokunywa ni yale yale. Kilichobadilika ni jina, na jina jipya limeleta mlipaji.

Tumefikaje hapo?

Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, juu ya shaba. Treni kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika mwezi wa 9 mwaka huo huo, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Union Minière du Haut-Katanga yenyewe iliundwa mwaka 1906. Kitu ambacho kampuni haikuwa nacho ni watu. Iliwatafuta wanaume Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na kuanzia mwaka 1925 Ruanda-Urundi. Walilala wengi katika chumba kimoja, wakala chakula wasichokizoea, wakanywa maji machafu. Walikufa kwa nimonia, kwa kuhara damu, kwa homa ya matumbo. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa kali iliyozunguka dunia nzima, ile iliyoitwa ya Hispania, ilipanda na reli kutoka kusini na kuwakuta katika kambi hizo.

Kampuni iliwahesabu wafu wake. Iliwahesabu kwa sababu kila mtu aliyezikwa alikuwa amegharimu makuta ya kumtafuta, kumsafirisha na kumlisha njiani. Hapo ndipo idara ya kwanza ya afya yenye nguvu hapa kwetu ilipoanzia. Mwaka 1923 madaktari wawili, Pearson na Mouchet, walitoa London kitabu kuhusu usafi wa kambi za wafanyakazi weusi katika nchi za joto. Waliandika juu ya vyoo, juu ya nafasi ya kulala, juu ya chakula. Mengi waliyoshauri yanafaa hadi leo. Ukipita katika baadhi ya kata zetu utaona bado hatujayafikia. Lakini yalimhusu mwanamume mwenye nguvu anayeingia mgodini. Mapafu yake na tumbo lake vilikuwa kipaumbele. Bibi kizee wa kijijini hakuwemo katika hesabu hiyo.

Na wazungu wa mji walikuwa na kipaumbele chao: kujitenga. Kati ya mji wao na makazi ya weusi uliachwa ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, mbu na magonjwa ya kuambukiza. Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, ilifunguliwa kama mwaka 1921 ng'ambo ya ukanda huo. Hospitali pia zilikuwa mbili, ya wazungu na ya weusi. Afya ya umma ilitumika kupima ardhi na kuchora mipaka, na sisi tunaoishi hapa bado tunatembea juu ya ramani hiyo.

Kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampuni ilibadili hesabu. Iliona kwamba kumbakiza mfanyakazi miaka mitatu pamoja na mke wake ni nafuu kuliko kutafuta mpya kila mara. Kwa hiyo ikajenga nyumba, ikagawa mposho wa familia, na ikaanza kupima watoto uzito. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo hayo kwa miaka mingi, alitaka mtoto wa kambini akue vizuri ili awe mfanyakazi wa kesho. Mama alifuatwa tangu mimba, mtoto akapewa maziwa, akachunguzwa mara kwa mara. Vifo vya watoto katika kambi vilipungua sana. Sitaki kuficha hilo kwa sababu ya hasira ya historia: kazi ilikuwa nzuri, ila sababu yake ilikuwa faida. Na faida ikigeuka, kazi nayo inageuka. Bei ya shaba ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa vijijini, na kwa aliyerudishwa hospitali iliisha siku ile kazi ilipoisha.

Wazee wa mji wana msemo ambao kila mtoto wa Lubumbashi ameusikia: Union Minière njo baba, njo mama. Baadaye wakausema kwa Gécamines. Mwanahistoria wetu wa UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kuhusu wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na jina hilo peke yake linaeleza mengi. Baba anapokuwa tajiri hakuna anayeuliza nani alimchagua.

Ukoloni wenyewe ulichelewa. Mpango wa miaka kumi ulioanza mwaka 1949 ulileta wazo kwamba kila teritware iwe na hospitali yake na zahanati zinazoizunguka, na majengo mengi yaliyochakaa tunayoyaona ndani ya Katanga yanatoka wakati huo. Lakini uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, Wakongomani waliosomea udaktari kamili karibu hawakuwepo. Kulikuwa na wauguzi na wasaidizi wa tiba, watu waliofanya kazi za daktari bila cheo cha daktari wala mshahara wake. Shirika la Afya Duniani lilipeleka baadhi yao Ufaransa kumalizia masomo. Mmoja wa watu waliotoka katika kazi hiyo hapa kwetu alikuwa Jason Sendwe, kiongozi wa Balubakat, aliyeuawa mwaka 1964. Hospitali kubwa ya jimbo inabeba jina lake. Wengi wanaoingia mlango ule wanajua kwamba alikuwa mwanasiasa. Wachache wanajua kwamba alikuwa mtu wa sindano na bandeji.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya familia zilizokimbia, kwa sababu hadithi yao si ngeni katika mji huu. Mwaka 1961, wakati wa Katanga kujitenga, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbilia karibu na askari wa Umoja wa Mataifa hapa mjini na kuishi kambini. Hospitali za kampuni zilikuwepo, lakini hazikupangwa kwa ajili yao. Waliotibu na kulisha walikuwa Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu. Mwezi wa 12 mwaka huo mjumbe wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, Georges Olivet, aliuawa humu mjini pamoja na wenzake wawili wakiwa kazini na gari la wagonjwa. Mwaka 1962 watu wa kambi walisafirishwa, wengi kwenda Kasai. Kambi ikafungwa, na huduma iliyoletwa kwa ajili yao ikaondoka nayo. Tangu wakati ule desturi ni hiyo: mkimbizi ana bajeti ya dharura, mwenyeji ana bajeti ya kawaida, na mkimbizi anayepanga chumba katikati ya wenyeji hana hata moja.

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na ikaja kuwa Gécamines. Baba alibadili jina, nyumba ikabaki ile ile.

Mabadiliko ya kweli ya fikra yalikuja baada ya mkutano wa Alma-Ata, mwezi wa 9 mwaka 1978, ambapo nchi za dunia zilikubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote. Kongo, wakati ule Zaire, haikwenda kule mikono mitupu. Kasongo, katika Maniema, timu ya Kibelgiji na Wazaire ilikuwa imeshajaribu mtindo mpya, na Bwamanda, Kisantu na Vanga walikuwa na majaribio yao. Mtindo wenyewe ulikuwa huu: usianze na ugonjwa, anza na watu wanaoishi mahali fulani. Chora mpaka, hesabu waliomo, weka vituo vya afya karibu nao na hospitali moja juu ya vituo, kisha keti na wakaaji mpange mnataka kuanza na nini. Mpaka huo ukaitwa zoni ya afya. Mwaka 1985 nchi nzima iligawanywa katika zoni 306. Mwaka 2003 zikawa 515, na leo ni 519. Mji wa Lubumbashi una 11: Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Kisanga, Kowe, Lubumbashi, Mumbunda, Ruashi, Tshamilemba na Vangu.

Mimi nasema bila woga kwamba zoni ya afya ni mojawapo ya mambo bora nchi hii imewahi kubuni. Imepita katika vita, imepita katika serikali mbalimbali, na bado ipo. Kosa lilikuwa moja: waligawa kazi bila kugawa makuta. Serikali ya miaka ya 1980, ikibanwa na madeni, iliziambia zoni zijitegemee. Kujitegemea maana yake mgonjwa alipe. Muuguzi asiyelipwa na Kinshasa akaishi kwa fishi na dawa, na sehemu ya kile alichokusanya ikapanda kwenye ofisi ya zoni, kutoka hapo ikaendelea kupanda. Mahali pengi duniani bajeti ya afya inashuka kutoka juu kwenda kituoni. Kwetu, kwa miaka mingi, ilipanda kutoka mfukoni mwa mgonjwa.

Mfumo wa namna hiyo unachagua vipaumbele vyake wenyewe, bila mkutano. Kinacholeta makuta kinapendwa: operesheni, vipimo, chupa za maji ya mishipa. Kisicholeta makuta kinaahirishwa: kufuata kisima chenye uchafu, kumtembelea mama aliyeacha kliniki, kufundisha kunawa mikono. Na mama aliyejifungua kwa kisu akakosa cha kulipa anabaki hospitalini na mtoto wake mpaka ndugu wachange. Jambo hilo linajulikana katika hospitali nyingi za nchi, na sioni haja ya kutaja hata moja.

Kisha ukaja mwaka 1990, na huo ulitupiga sisi wa Lubumbashi mara mbili. Mwezi wa 5, wanafunzi waliuawa usiku katika kampasi ya chuo chetu kikuu. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano, Mobutu naye akawafukuza wataalamu wa Kibelgiji, na miradi ya afya iliyowategemea ikabaki bila petroli na bila dawa. Mwezi wa 9, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka, na Gécamines, iliyokuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ikaanza kushuka hadi kufikia makumi ya maelfu tu ya tani. Mwaka 1991 ikaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya migodi, wakalala wiki na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, na wengi, hasa watoto, walikufa pale kwa magonjwa yanayozuilika. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa bahasha ya mwisho na wakapoteza hospitali ya kampuni. Mzee mmoja aliniambia kwamba bahasha aliimaliza kwa bati za nyumba na kwa ugonjwa wa mke wake, kwa mpangilio huo.

Baba mgodi alipoondoka wakaja baba wengine, kutoka mbali. Gavi, inayosaidia chanjo, iliundwa mwaka 2000. Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria mwaka 2002. Mpango wa Marekani wa ukimwi mwaka 2003. Haut-Katanga iliwekwa katika majimbo yanayosaidiwa na mpango huo, na Marekani ilisaidia pia malaria na afya ya mama na mtoto. Watu wengi wako hai hapa mjini kwa sababu ya dawa hizo, nami nina jamaa miongoni mwao. Lakini kila mfadhili alikuja na ugonjwa wake mkononi, na gari lake, na daftari lake. Muuguzi wa kituo kidogo akajikuta anajaza karatasi za magonjwa matatu kwa wafadhili watatu, na jioni anamwambia mama mwenye mtoto anayeharisha kwamba serumu imekwisha, aende akanunue nje.

Walijaribu pia kubadili namna ya kulipa. Kati ya mwaka 2010 na 2012, katika iliyokuwa wilaya ya Haut-Katanga, watafiti wawili, Elise Huillery na Juliette Seban, walifuatilia jaribio katika maeneo ya afya 96. Vituo vya kundi moja vililipwa kufuatana na idadi ya huduma walizotoa; vya kundi la pili vilipata kiasi kisichobadilika. Wauguzi wa kundi la kwanza walijitahidi kweli: walipunguza bei, wakatoka kwenda kwa watu. Hata hivyo watu hawakuongezeka kituoni kuliko katika kundi la pili, na wauguzi wenyewe wakaambulia mapato madogo zaidi. Nilipousoma utafiti huo nilicheka kidogo, cheko la huzuni. Muuguzi amepunguza bei, mgonjwa bado hana cha kulipa.

Na mwezi wa 1 mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha msaada wake wa nje kwa siku chache tu za maamuzi. Bei ya shaba ya mwaka 1931, ugomvi wa Mobutu na Brussels mwaka 1990, sahihi ya Washington mwaka 2025: mara tatu mlipaji ameamua akiwa mbali, na mara tatu kituo cha kata kimejua baada ya sanduku la dawa kutofika.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauna baba kabisa, nao tunaupumua. Profesa Célestin Banza wa UNILU na wenzake wa Ubelgiji wamepima kwa miaka mingi kobalti na metali nyingine katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda, na wamekuta viwango vya juu sana. Mwaka 2020 walitoa utafiti uliofanyika katika hospitali za hapa Lubumbashi, ukionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi zinazohusiana na migodi wana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Ushahidi upo, umechapishwa katika jarida kubwa la dunia. Lakini tazama mpango wa kazi wa zoni ya afya, utafute mstari wenye makuta ya kufuatilia sumu ya metali kwa wakaaji. Ukimwi una mstari. Vumbi halina, kwa sababu hakuna mfadhili aliyekuja na vumbi mkononi, na wale wanaolitoa hawana haraka.

Basi makuta ya hapa hapa nyumbani yako wapi?

Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 47 kwamba haki ya afya inahakikishwa, na katika kifungu cha 175 kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni. Watu wa jimbo wanajua kwamba asilimia hiyo haijawahi kubaki kama ilivyoandikwa. Marais wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Nchi yetu haiko hapo. Lakini sheria ya madini ya mwaka 2018 imefungua mlango mwingine, na huu uko karibu zaidi na lupango lako. Mrabaha ambao makampuni ya migodi yanalipa, asilimia 3.5 kwa shaba na 10 kwa kobalti, unagawanywa hivi: nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 jimboni, 15 kwa komini, sekta au utemi ambako mgodi upo, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na mfuko huo una kamati ambamo jamii inakaa mezani.

Kwa mara ya kwanza tangu 1910, makuta ya shaba yanaweza kufika kwa mamlaka iliyo umbali wa kutembea kwa mguu. Tumeyaona yakijenga: barabara, ofisi, taa, shule, na ndiyo, vituo vya afya pia, vyenye rangi mpya na kibao kikubwa. Mimi nimehudhuria uzinduzi kadhaa na mkanda wa kurekodi. Jengo linakatiwa utepe, kila mtu anapiga picha. Hakuna anayekata utepe wa mshahara wa muuguzi wala wa maji ya klorini ya miezi 12. Jengo ni kipaumbele cha yule anayetaka kuonekana. Klorini ni kipaumbele cha mtoto anayeharisha. Kolera ya mwanzoni mwa mwaka 2008, kisha ile ya 2013 iliyopiga sana komini ya Kenya, zote mbili zilipita katika maji, na zote mbili madaktari wasio na mipaka walilazimika kuja kusaidia. Komini isiyo na mgodi ndani ya mipaka yake, hata iwe na watu wengi namna gani, haigusi ile asilimia 15. Maji machafu hayajui mpaka wa komini.

Sasa mpango unaandikwaje? Kila zoni inaandika mpango wa kazi wa mwaka. Unaanza chini, katika eneo la afya, ambapo kuna kamati ya wakaaji inayoitwa KODESA, na reko, wale wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba. Wanasema matatizo yao, muuguzi mkuu wa kituo anaandika, ofisi ya zoni inaunganisha, Divizioni ya Afya ya Jimbo inatazama. Kwenye karatasi ndiyo demokrasia niliyoipenda kuliko zote. Katika vitendo, wauguzi wameniambia, wengi wanaanza na swali la nani atalipa mwaka huu, kisha wanaandika tatizo linalofanana na mlipaji. Siwalaumu. Ukiomba kitu ambacho hakuna wa kukilipia, mstari wako unabaki sifuri na mwaka unaofuata unaulizwa kwa nini hukukitekeleza.

Lakini kabla ya makuta kuna kitu kingine, nacho ni idadi. Chanjo, vyandarua, dawa, hata tani za klorini wakati wa mlipuko, vyote vinagawanywa kufuatana na watu wanaokadiriwa kuishi katika eneo. Na hesabu ya mwisho ya kweli ya watu wa nchi hii ilifanyika mwezi wa 7 mwaka 1984. Mimi sikuwa nimezaliwa. Tangu siku hiyo tunaongeza asilimia kila mwaka juu ya namba ya wakati wa Mobutu, kana kwamba hakukuwa na treni za 1993, kana kwamba Mitwaba, Pweto na Manono havikutoa watu wakati wa Kata Katanga, kana kwamba Lubumbashi haikupanuka mpaka ikameza mashamba. Wakati wa surua ya mwaka 2019 na 2020, iliyoua zaidi ya watoto na watu 6,000 katika nchi nzima, kulikuwa na maeneo yaliyoandika kwamba yamechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wao, na bado watoto wakaugua. Asilimia 100 ya nani?

Familia iliyokimbia, ikipanga chumba nyuma ya nyumba ya mtu, haiko katika makadirio hayo. Haiko kambini pia, kwa hiyo dharura haiioni. Inaonekana siku mtoto anapougua, na inaonekana kama deni.

Baada ya kipindi nilimtafuta yule mama wa Karavia. Anaishi katika lupango moja na familia nyingine tatu zilizotoka upande ule ule wa kaskazini, wote nyuma, wanachangia choo kimoja na kisima kimoja. Reko wa mtaa ni kijana mwenye adabu, anafanya kazi hiyo bila mshahara, akanifungulia daftari lake bila kusita. Lupango lilikuwa limeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu: jina la mwenye nyumba, mke wake, watoto wao watano. Chini ya hapo mstari ulikuwa mtupu. Nilimuuliza kuhusu wale wa nyuma. Akasema, yaya, hao ni wapangaji, hakuna aliyetuambia kuwaandika. Mama alikuwa amesimama kando yetu na mtoto mgongoni. Akataja majina ya watoto wake mmoja mmoja, na umri, na yule kijana akayaandika.